Kalunguyeye wa Gaut na Kovu la Ubavuni

Gaut alikuwa na ulimi mkali, na ni vizuri hilo lisemwe mapema, kwa sababu mtu akishazikwa watu humpa upole ambao hakuwa nao. Mteja akimwambia kwamba chura wake ana mdomo mpana mno, alimjibu, "Kajitazame mtoni kwanza, kisha urudi tuzungumze." Na mteja alirudi, afanyeje? Kisiwani Abu, katikati ya mto, hapakuwa na nyumba nyingine iliyotoa wanyama wa jiwe wenye rangi ile, kijani inayoelekea buluu, rangi ya mto unapoanza kupanda.

Kazi hiyo aliianza na mumewe, Khunes. Khunes alichonga, Gaut alipaka rangi na kuchoma. Jiwe lenyewe lilikuja kwa punda kutoka jangwa la mashariki, la kijivu, laini, linaloteleza mkononi kana kwamba limepakwa mafuta. Kabla ya moto, ukucha tu unalichora. Ukishalipaka magadi, mchanga uliosagwa na unga wa shaba, ukalitia tanurini, linatoka likiwa jiwe jingine kabisa, linang'aa, tena gumu hata patasi inateleza juu yake. Ndiyo maana mafundi wa Abu walikuwa wakisema kosa la kabla ya moto ni la kurekebisha, la baada ya moto utalala nalo.

Kosa la kwanza la Gaut la baada ya moto alilifanya akiwa bi arusi bado. Siku hiyo alipanga tanuri peke yake, akataka kumwonyesha mume kwamba naye anajua. Akawaweka kalunguyeye wawili wa jiwe, wale wanyama wadogo wa miiba, karibu karibu mno, na shaba akaizidisha. Rangi ikayeyuka ikatiririka, na tanuri lilipofunguliwa wakakutwa wameshikana ubavu kwa ubavu, na miguuni wana doa jeusi la shaba iliyozidi. Gaut alikuwa karibu kulia. Khunes akawageuza mkononi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa unacheka nini? Si kazi imeharibika?"

"Imeharibika wapi? Hawa wameoana. Tena ndoa yao nzuri kuliko yetu, wakigombana hakuna wa kutoka nje kwa hasira."

Hawakuuzwa. Wakawekwa kwenye shubaka juu ya kitanda, na wakakaa humo miaka yote ya ndoa ile, ambayo haikuwa na mtoto lakini ilikuwa na kicheko kingi, na ugomvi wa kutosha.

Kisha ukaja mwaka ambao punda wa jangwani hawakuja. Kulikuwa na vita vya visima huko, watu wakasema. Jiwe likaisha, tanuri likapoa, na Khunes si mtu wa kukaa akitazama mikono yake. Akajiunga na wanaume wachache wa kisiwani waliokuwa wanakwenda kulichimba wenyewe.

Watu wa Abu wana desturi yao. Mtu wao akienda jangwani, humpelekea Mama Sateti, mungu wa kike wa kisiwa, kalunguyeye wa jiwe hekaluni. Njaa ikija, mnyama huyo huingia ardhini watu wakadhani amekufa, na mambo yakigeuka anatoka, mwembamba, mchafu, lakini mzima. Gaut akasema wachukue kalunguyeye mzuri, wa kuuzwa. Khunes akakataa. Akawashusha wale wawili kwenye shubaka, akaweka patasi kwenye kiungo, akagonga mara moja. Wakaachana. Kila mmoja akabaki na kovu ubavuni, mahali ambapo rangi imeng'oka na jiwe linaonekana, limekwaruzika kama ukoko wa mkate.

"Huyu mpelekee Mama Sateti," akasema. "Huyu nakwenda naye. Nikirudi nitampeleka na yeye, wakae pamoja hukohuko."

"Na usiporudi?"

"Nisiporudi nitakuwa nimechelewa, basi. Wewe mwanamke una maswali."

Akamtoboa yule wake tundu dogo mgongoni kwa kuchezesha kijiti na mchanga, kazi iliyomla siku nzima kwa ugumu wa jiwe, akapitisha kamba ya ngozi, akamvaa shingoni. Akaondoka asubuhi, na Gaut alikuwa amemnunia kidogo kwa sababu ya lile jibu. Kununa kule kulimsumbua maisha yake yote. Ningekuwa na uwezo wa kumwondolea mtu jambo moja tu, ningemwondolea Gaut asubuhi ile.

Mmoja tu ndiye aliyerudi kati ya wale wanaume, midomo imepasuka, akasema upepo wa mchanga uliwatawanya kabla ya kisima cha pili. Hakumwona Khunes akifa. Wala hakumwona akiishi.

Basi Gaut akawa si mke, si mjane. Sijui kama mnauelewa ugumu wa jambo hilo mahali kama Abu. Mwenye maiti ana kaburi, na mwenye kaburi ana kazi: sikukuu ikifika anakwenda na mkate na mtungi, anamwita mtu wake kwa jina, anammwagia maji ili asikae na kiu huko aliko. Gaut hakuwa na pa kumwaga. Jirani yake Ipwet, mpika pombe, alikuwa na mume aliyelala vizuri kabisa kaburini upande wa magharibi wa mto, na kila sikukuu wanawake hao wawili walivuka pamoja. Ipwet anamwaga, anasema na mumewe, anamsengenya hata ndugu zake. Gaut amesimama nyuma amemshikia kapu la vitunguu, na kiu ya Khunes iko kooni mwake yeye.

"Mwagia hapahapa, shoga," Ipwet alimwambia siku moja. "Wangu hana choyo, watagawana."

"Khunes atagawana na mume wako? Walikuwa hawasalimiani!"

"Basi olewa. Yule mwenye mashua anakuulizia mpaka leo."

"Yule akija kwangu nitampaka magadi nimchome."

Wakacheka, lakini waliporudi mashuani Gaut alikuwa ameyageuzia maji uso. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mafuriko yalikuja yakaondoka, yakaja yakaondoka, mpaka nywele zikawa na rangi ya majivu ya tanuri. Gaut akajifunza kuchonga mwenyewe. Kwanza walitoka kalunguyeye waliofanana na viazi, kisha wakatoka wazuri, na ukweli usemwe, mwishoni walikuwa wazuri kuliko wa Khunes. Hakupenda kuambiwa hivyo. Na hekalu dogo la Mama Sateti, lile lililobanwa kati ya majabali, likajaa sanamu: nyani, vyura, viboko, watoto wenye kidole mdomoni, na kalunguyeye wengi kuliko wote, kwa kuwa jangwa haliachi kuita watu. Kila Gaut alipopita mlangoni alimtafuta wake kwa jicho kwenye benchi la udongo. Maadamu yuko juu ya benchi, alijiambia, Mama anamwona, na ombi halijafungwa.

Ndipo ikatoka amri kwamba hekalu hilo ni dogo, lijengwe jipya juu yake. Vitu vya Mama havitupwi, wala havirudishwi kwa aliyevitoa. Vitazikwa chini ya sakafu mpya, na juu yake tofali.

Habari hii aliletewa na kuhani Setka mwenyewe, kijana mnene, mwenye adabu, ambaye Gaut alimjua tangu akiiba tende.

"Kesho jioni tunafunga sakafu, Mama Gaut. Nimeona nikuambie mapema. Najua una mtu wako mle."

"Sina mtu mle. Nina kalunguyeye."

"Ndiyo, mama."

"Mtu wangu sijui aliko. Hilo ndilo tatizo, Setka."

Kijana akala tende alizowekewa, akaondoka. Gaut akabaki ameshika jiwe lililochongwa nusu. Akizikwa yule wa benchi peke yake, basi Khunes naye amefungiwa nje, hana kaburi, na ombi lake limetiwa tofali. Hivyo ndivyo alivyoliona, na hakuna aliyeweza kumwonyesha vingine.

Kesho yake asubuhi ndipo Terehu alipofika na punda. Terehu alikuwa mtu wa jangwani, mwembamba, mzee, mwenye maneno, na ndiye aliyekuwa akimletea jiwe siku hizo.

"Mama Gaut! Unazidi kupendeza."

"Na majivu haya puani? Shusha mawe yako."

Akashusha mawe. Kisha, kama kawaida yake, akatandika kingozi akamwaga vikorokoro alivyookota huku na huku, shanga, kome, mayai ya mbuni yaliyovunjika. Katikati yao palikuwa na kalunguyeye wa kijani, ana kamba ya ngozi mgongoni, ana doa jeusi miguuni.

Gaut alikaa chini. Terehu akadhani magoti yanamuuma.

"Huyo nimembadilisha kwa chumvi," akasema. "Kisima cha mbali sana kusini, mwendo wa mtu kujuta. Mama mmoja ndiye aliyenipa, na waliompa yeye sijui walimpata kwa nani. Si wenu wa hapa?"

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe alishakufa."

"Umejuaje? Ulimwona?"

"Mama, sisi hatuuzi kitu cha shingoni mwa mtu aliye hai. Ni aibu kwetu, na ni mkosi. Ukikiona sokoni, jua aliyekivaa ameshazikwa."

Gaut akamwinua yule mnyama. Rangi ilikuwa yake, mkono ni wa Khunes, lakini kalunguyeye wangapi wa nyumba ile walikwenda jangwani miaka yote hiyo? Shaba alishaizidisha mara nyingi, na tundu mgongoni kila msafiri angeweza kutoboa. Akamgeuza atazame ubavu. Mahali pa kovu hapakuwa na kovu. Palikuwa na kibonyeo laini, kama kijiko kidogo.

Lakini doa lile! Akampa Terehu alichotaka, hata hakubishana, jambo lililomtia yule mzee wasiwasi, akajitanda nguo akatoka mbio. Ipwet alimwona akipita mlangoni.

"We Gaut! Kuna moto wapi?"

"Nakuja!"

"Unakuja wapi na unakwenda?"

Hekaluni ukuta wa mbele ulishabomolewa, jua limeingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo, na ndani ya shimo wanyama wa Mama Sateti wamelazwa juu ya mchanga safi, safu juu ya safu. Mafundi walikuwa wamekaa kando na tofali zao, wanakunywa maji, wanangoja waambiwe wafunge.

"Setka, nataka kumwona wangu."

"Mama Gaut, unajua kitu kikishatolewa hakirudi."

"Nani kasema anataka kirudi? Nimesema kumwona. Nimpime na huyu, halafu funga sakafu yako."

Setka akamtazama, akatazama kilichokuwa mkononi mwake, akavua viatu akaingia shimoni mwenyewe. Akawa anainua kalunguyeye mmoja mmoja. Huyu? Siye. Huyu? Huyo pua imekatika, siye. Mafundi wakaanza kunung'unika kwamba udongo wao unakauka. Mmoja akasema kwa sauti, "Bibi, wote si wana miiba?" Gaut akamwambia anyamaze, naye akanyamaza.

"Huyu, mama?"

Alikuwa yeye. Vumbi la miaka limemjaa, lakini kovu lilikuwa ubavuni, limekwaruzika vilevile kama siku ile patasi ilipogonga. Gaut akapiga magoti ukingoni, akawaweka ubavu kwa ubavu.

Hawakufungana. Ukali wa mmoja ulikalia ulaini wa mwenzake, ukateleza. Akawasogeza, wakateleza tena.

"Siye," Setka akasema polepole. "Pole, mama. Ni kalunguyeye wa watu wengine."

Gaut hakuinuka. Alikuwa akitazama sehemu ya juu ya yule wa Terehu, karibu na sikio, mahali padogo pasipofika ukingo wa kile kibonyeo. Pale palikuwa na kipande cha kovu kilichobaki, si kikubwa kuliko punje ya shayiri. Akawainamisha kidogo. Pale juu, punje kwa punje, wakashikana.

Ndipo akaweka dole gumba lake kwenye kibonyeo, na dole likaingia lenyewe, likapwaya kidogo.

Hakuna fundi aliyekitengeneza kile. Gaut alilijua jiwe lililopita motoni. Alishawahi kulisugua kwa mchanga tangu asubuhi mpaka jioni, likamla ngozi ya vidole nalo halijapungua kitu. Dole tupu la mtu, bila mchanga, bila haraka, likisugua mahali pamoja mpaka jiwe lile likubali kuwa kijiko, si kazi ya safari. Ni kazi ya maisha. Kila siku alimfikiria Khunes amekufa kabla ya kisima cha pili, ulimi umevimba, kumbe alikuwa hai. Alikuwa hai akizeeka mahali, na kila siku, akikaa, akilala, akisikiliza maneno ya watu, dole lake lilikuwa hapa, kwenye kovu, upande aliokuwa mwenzake.

"Ulikuwa hai!" akasema, kwa sauti iliyowafanya mafundi waweke vikombe chini. "Mwanamume wewe! Ulikuwa hai, na miguu huna?"

Setka akadhani anaambiwa yeye.

Akalia kwa hasira kwanza. Huenda alifungwa, huenda mguu ulivunjika, huenda alioa huko akazaa watoto ambao yeye hakumzalia. Vyote vilimpitia na vyote vilimuuma, na hakuna ambacho angekijua kamwe. Kisha akalia ule mwingine, usiokuwa na hasira, ambao alikuwa ameuweka tangu asubuhi ile aliyonuna.

"Mama Gaut," Setka akasema, ameshamrudisha yule wa kovu kwenye mchanga. "Ukitaka, huyo wako mweke naye. Nafasi ipo. Lakini akiingia hatoki tena."

Gaut akamfumba kiganjani. Miaka yote hakuwa na kitu cha Khunes, hata uzi, na sasa alikuwa na dole lake. Alikuwa na mahali hasa ambapo mkono wake uligusa. Angekwenda naye nyumbani, amweke shubakani, na usiku aweke dole pale. Nani angemlaumu? Khunes alikaa naye umri mzima, si sasa ni zamu yangu? Hayo alisema, kwa sauti kabisa, wala hakumwambia mtu.

Lakini Khunes alikuwa na kiu. Na alikuwa ameahidi. Nikirudi nitampeleka na yeye, wakae pamoja hukohuko. Amerudi, basi. Amechelewa kama alivyosema.

Akakata kamba ya ngozi kwa meno, akamshusha mwenyewe, akamlaza ubavu kwa ubavu na mwenzake, kibonyeo juu ya kovu, mchanga ukawashika wasiachane. Akanyoosha mkono kwa mafundi. Yule fundi aliyeuliza habari ya miiba akaelewa kabla ya Setka, akampa mtungi wao wa maji ya kukandia udongo.

"Khunes," Gaut akaita. Jina hilo hakuwa amelitamka kwa namna ile, namna ya kumwita mtu aje, tangu alipoondoka. "Khunes, maji haya. Kunywa. Kunywa, mume wangu."

Akamwaga mpaka mtungi ukaisha. Mchanga ukanywa. Mafundi wakafunga.

Nyumbani alimkuta Ipwet amekaa mlangoni na kibuyu cha pombe, hajui kilichotokea lakini amekuja tu.

"Amekuja?" Ipwet akauliza alipoona macho ya mwenzake yaliyolia.

"Amekuja."

"Yuko wapi?"

"Kwa Mama Sateti. Chini, kushoto unapoingia."

Ipwet hakufanya mzaha. Akammiminia, wakanywa. Tangu hapo sikukuu zikifika walikwenda sehemu mbili, kwanza kuvuka mto, kisha hekaluni, na sasa ni Ipwet aliyesimama nyuma ameshika kapu.

Gaut aliishi miaka mingi baada ya hapo, na ulimi wake haukupungua. Kitu kimoja tu kilibadilika katika kazi yake. Kila kalunguyeye aliyetoka mikononi mwake alikuwa na kibonyeo ubavuni. Wateja walikipenda, walidhani ni pambo jipya. Wasafiri walisema kinakaa vizuri mkononi. Mmoja alimwuliza cha nini, akajibiwa, "Cha kuweka dole, unadhani cha kuweka supu?"

Alikikwangua kabla ya moto, jiwe likiwa bado laini, bado linasamehe. Akimaliza alikipima kwa dole lake gumba. Dole likijaa sawasawa alikuwa anatikisa kichwa, anachukua kisu tena, anakwangua kidogo, anapima, anakwangua, mpaka dole lake lipwaye mle ndani na pabaki nafasi ya dole kubwa kuliko lake. Hapo ndipo alipokuwa akitia rangi.